Nunua Mwezi, Usinunue Ua
Mwongozo wa bustani yenye rangi mwaka mzima, kwa watu wa Pwani wanaoishi na jua

Bustani nyingi za Dar es Salaam huishi wiki sita. Huzaliwa mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea na kila kitalu cha kando ya barabara kimefurika rangi. Hupigwa picha, husifiwa na wageni, humwagiliwa hata siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha. Kufika mwezi wa nane zimebaki vijiti. Januari ikiingia, kilichosalia ni udongo uliopasuka na rundo la viriba nyuma ya tangi la maji. Mwenye nyumba hulilaumu jua. Mwezi wa nne ukirudi, naye hurudi kitaluni kununua maua yale yale kwa muuzaji yule yule, ambaye sasa anamjua kwa jina, analitambua gari lake kwa mbali na ameshamtengea kivuli cha kuegesha.

Jua halina hatia. Pwani hii haina theluji wala baridi ya kuua chipukizi, na hakuna mwezi unaokosa mmea ulio tayari kuchanua. Bustani ya London hulala kwa sababu ya majira ya baridi. Yetu hulala kwa sababu mwenyewe alinunua maua ya mwezi mmoja akitaka yamhudumie kumi na miwili. Wingi wa mimea hauleti rangi ya mwaka mzima. Kinacholeta ni kupanga zamu, kama walinzi wa geti: huyu akienda kulala, yule ameshaingia kazini. Kwa hiyo mwongozo huu una amri moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: ukienda kitaluni, nunua mwezi, usinunue ua.

1. Mwogope anayekuchekea wa kwanza

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo iache mlangoni mwa kitalu. Ua lililochanua pomoni liko katika siku zake bora kabisa. Limelelewa chini ya neti, limemwagiliwa asubuhi na jioni, limetiwa mbolea ya kulichangamsha, na hakuna aliyelipa habari za ukuta wako unaotazama magharibi, ambao hupokea jua la saa tisa mchana na kulitunza hadi usiku. Ukilibeba kwa sababu linacheka, umenunua wiki mbili.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji maswali manne. Mmea huu huchanua miezi gani? Unataka jua la kutwa au la asubuhi tu? Ukikosa maji wiki nzima hufanyaje? Na mama yake yuko wapi, yaani ule mmea mkubwa uliotoa vipandikizi hivi, nikauone ulivyo? Wauza maua wengi wa barabarani ni mafundi wa kweli. Wameotesha maelfu ya vipandikizi kwa mikono yao na majibu wanayo. Kinachowanyima nafasi ya kuyatoa ni sisi wateja, ambao tukishuka garini tunauliza bei, tunapunguziwa, tunaondoka.

Safari ya kitaluni yenye faida kuliko zote ni ile isiyotamaniwa na mtu: katikati ya Februari, saa nane mchana. Nenda siku hiyo. Chochote utakachokikuta kimechanua, mizizi imebanwa ndani ya kiriba kidogo, muuzaji mwenyewe amekimbilia kivulini, hicho ndicho chako. Rudi tena Septemba. Miezi hiyo hiyo tembea mtaani ukitazama rangi zinazochungulia juu ya kuta za watu, na upite Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani karibu na ilipo leo Makumbusho ya Taifa. Mmea unaopendeza Februari mtaani kwako umeshafaulu mtihani ambao maelezo ya muuzaji hayawezi kuufanya kwa niaba yake.

2. Igawe kalenda kwa pepo na mvua

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye misimu minne ya Ulaya. Mtu wa Tanga au Mombasa akivifuata, anapanda kwa hesabu za watu wengine. Wazee wa majahazi wametuachia kalenda inayotufaa zaidi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ndiyo miezi ya joto kali. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Kisha kusi hutuletea kipupwe, Juni hadi Agosti, mchana mkavu na usiku wenye nafuu. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, mwaka mmoja nyingi, mwaka mwingine rasharasha.

Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi Aprili peke yake huchukua zaidi ya 200. Ukizigawa hesabu hizo kwa miezi, mapengo mawili yanajitokeza: pengo fupi la moto, Januari na Februari, na pengo refu la upepo mkavu, Juni hadi Septemba. Chukua karatasi, andika miezi kumi na miwili, uyajaze mapengo hayo kwanza. Miezi ya mvua isikusumbue. Aprili hata nguzo ya fensi huchipua.

3. Pengo la moto: ajiri wasiolalamika

Kiongozi wa zamu hii ni bogenvilia. Chuma kitawi kimoja ukitazame kwa karibu. Zile zinazoonekana kuwa petali tatu za zambarau ni majani matatu yaliyogeuka rangi, membamba, makavu, yenye mishipa unayoweza kuihesabu ukiyaelekeza kwenye mwanga. Katikati ya kila jani umesimama mrija mwembamba wenye kinywa cheupe kidogo. Mrija huo ndio ua lenyewe, na hunyauka mapema. Majani yanayouzunguka hukaa wiki nyingi bila kupauka, na ndiyo maana bogenvilia huonekana imechanua hata pale maua yake ya kweli yalipokwisha kudondoka.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwanabotania Mfaransa Philibert Commerson aliukusanya mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na Bougainville. Msaidizi wake alikuwa Jeanne Baret, aliyevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa katika meli za jeshi la wanamaji la Ufaransa, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mmea ukapewa jina la mkuu wa msafara. Ukiona bogenvilia imeparamia ukuta wa shule kijijini, imejitegemea, haidai chochote na inapendeza kuliko kila kitu kilicho karibu, mkumbuke Jeanne.

Bogenvilia ikidekezwa huacha kazi. Ipe samadi nyingi na maji kila siku, nayo itakupa majani ya kijani, miiba, na matawi yanayokwenda kwa jirani. Mwagilia pale tu majani yanapoanza kulegea, umwagilie kwa wingi, kisha uiache. Ikimaliza mzunguko mmoja wa maua ipogoe, kwa kuwa maua yajayo hutoka kwenye matawi mapya. Ukiipanda kwenye chungu kinachobana mizizi, itachanua zaidi.

Wa pili ni adeniamu, inayoitwa pia waridi la jangwani. Nyika za Kenya na Tanzania ni sehemu ya kwao, sawa na nchi za Sahel na Arabia. Shina lake limevimba kwa kuhifadhi maji, na maua yake ya waridi hutoka wakati majirani zake wote wamenyong'onyea. Kinachoiua mara nyingi ni huruma: mtu anaiona kavu, anaimwagia kila jioni, shina linaoza kwa ndani. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa sehemu mbalimbali za Afrika wameutumia kwenye mishale. Ipogoe kwa glavu, uiweke mbali na watoto na mbuzi.

Wa tatu ni franjipani. Hupukutisha majani wakati wa ukame, kisha huchanua kwenye matawi matupu, maua meupe yenye kiini cha manjano au mekundu, yanayonukia zaidi usiku. Asili yake ni Amerika ya Kati, lakini Unguja imeipokea na kuifanya mwenyeji. Ukikata pingili usiipande siku hiyo hiyo. Iache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndipo uichomeke ardhini.

Chini ya hao watatu, panda vinka na portulaka. Vinka asili yake ni Madagaska. Huchanua karibu mwaka mzima kwa rangi nyeupe, ya waridi na ya zambarau, hudondosha mbegu zake yenyewe na hujioteshea watoto. Ndiyo iliyoipa hospitali vinkristini, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu ya watoto tangu miaka ya 1960, kwa hiyo iheshimu na usiitafune, kwani majani yake ni sumu. Portulaka hutambaa chini, majani yake manene yamejaa maji, na maua yake hufunguka jua likiwaka na kufunga alasiri. Ipe mahali pabaya kuliko pote ulipo napo: ukingo wa saruji, kando ya lango, juu ya kifusi. Hapo ndipo inapopendeza.

4. Pengo la upepo: panda rangi kwa mbegu

Kipupwe ndiyo nafasi ya mimea ya muda mfupi, ile inayozaliwa, kuchanua na kufa ndani ya miezi michache. Wengi huipanda Machi, mvua ikaipiga, ukungu ukaila. Subiri hadi masika yaanze kupungua. Mwanzoni mwa Mei sia mbegu za zinia kwenye tuta lenye mboji, nawe utaona maua ya kwanza baada ya miezi miwili hivi, joto limepungua na anga imetakata. Sia tena baada ya wiki nne, na tena baada ya nne nyingine, kundi moja likichoka lingine lishike nafasi. Kosmosi, marigodi na selosia, ile yenye kichwa cha kishungi cha jogoo, hufuata utaratibu huo huo.

Hapa pana faida ya mfukoni. Maua ya zinia ukiyaacha yakaukie kwenye mabua, utapata mbegu za mwaka ujao bure. Zikaushe, zifunge kwenye bahasha ya karatasi, andika mwezi wa kusia. Bahasha yenye mwezi juu yake ina thamani kuliko ile yenye picha.

5. Wana wa mvua: wapende, usiwategemee

Mvua zina warembo wake, na ni dhambi kuwakosa. Mkalamu hupanda kwenye uzio kwa ncha za majani zilizojikunja, kisha hutoa ua ambalo petali zake zimepinda kwenda juu, nyekundu yenye ukingo wa manjano. Kuna pia kitunguu cha porini ambacho mvua za kwanza zikinyesha hutoa ua moja jekundu la duara, lenye nyuzi nyingi zilizosimama pande zote, kabla hata majani hayajakamilika. Wote wawili ni wazawa wa Afrika Mashariki, na wote wana sumu. Mkalamu hasa, tangu kiazi hadi mbegu.

Wakati wa ukame wanazama ardhini na kulala. Hapo ndipo hufa, kwa sababu mfanyakazi wa bustani huona mahali patupu akapalilia kwa jembe. Chomeka kijiti kilichopakwa rangi juu ya kila kiazi, umwambie wazi kwamba pale pana mtu amelala.

Wengine wa kundi hili ni kana, kaladia yenye majani ya waridi na meupe, na alamanda, ambayo vikombe vyake vya manjano huendelea karibu mwaka mzima ukiipa maji. Iksora nayo huchanua vishada vyekundu miezi mingi, kwa sharti moja: haitaki chokaa. Ukiipanda kwenye udongo wa matumbawe, kama ule wa sehemu nyingi za Unguja na Mombasa, majani yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chokaa huizuia mizizi kupata madini ya chuma. Wengi hudhani ina njaa wakaiongezea samadi. Ihamishie kwenye chungu chenye mboji na udongo usio na chokaa.

6. Mti mmoja, kwa heshima ya ukuta wako

Hakuna kinachoshinda mti kwa rangi. Mkrismasi, uliotoka Madagaska, hufunika anga kwa wekundu kuanzia vuli hadi mwisho wa mwaka, na ndiko jina lake lilikotoka. Lakini mizizi yake hupita juujuu na ina nguvu ya kupasua sakafu, kuta na mabomba. Kama kiwanja chako ni kidogo, uache uwe wa barabarani na wa viwanja vya shule, wewe uutazame kutoka mbali. Wenye nafasi ya kutosha na wapenzi wa miti ya asili wachague mwamba ngoma, ambao maua yake mekundu hutoka wakati wa ukame mti ukiwa hauna jani, na ndege wa chozi huyajia tangu alfajiri.

Mkungu nao usiudharau. Watu huupanda kwa ajili ya kivuli na kungu, lakini kila mara kabla ya kupukutika majani yake makubwa hugeuka mekundu ya kuiva. Huo ndio msimu wa majani mekundu ambao watu wa Ulaya husafiri kwenda kuutazama. Sisi tunaufagia.

7. Majani hayana likizo

Mtu anayetaka rangi siku zote 365 asitegemee maua peke yake. Ua huja na kuondoka, jani lipo. Krotoni, yenye asili ya visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, hubeba manjano, chungwa, nyekundu na kijani kwenye kichaka kimoja, na akalifa hutengeneza ukuta wa rangi ya shaba. Siri ya krotoni ni jua: kadiri inavyopata mwanga mwingi ndivyo inavyokolea, na ukiificha kivulini hurudi kijani. Zote mbili hushika kwa pingili, kwa hiyo usizinunue kabla hujamwomba jirani.

Panga theluthi moja ya bustani kwa ajili ya majani ya rangi. Theluthi hiyo ndiyo itakayokufichia aibu zamu za maua zinapopishana.

8. Uliza pia saa

Amri ya mwezi ina mdogo wake, nayo ni saa. Mtu wa Pwani hakai bustanini saa saba mchana. Anatoka alasiri, anakaa barazani hadi usiku. Jua la adhuhuri hufifisha rangi hafifu, kwa hiyo mchana ni wa nyekundu, chungwa na zambarau iliyokolea. Kiza kikiingia mambo hugeuka: nyekundu humezwa kwanza, na nyeupe ndiyo hung'aa. Bustani isiyo na maua meupe humtumikia mpita njia wa mchana na kumsahau mwenye nyumba.

Karibu na baraza, basi, panda asumini, inayofunguka jioni na kuujaza ua wote harufu. Ndiyo wanawake wa Unguja, Lamu na Mombasa wanayoitunga kwenye kikuba pamoja na rehani, na haitapata kazi nzuri kuliko hiyo. Mirabilisi hufunguka kuanzia saa kumi alasiri. Kombretamu itambaayo ipandishe kwenye nguzo za baraza uitazame siku tatu mfululizo. Maua yake hufunguka jioni yakiwa meupe, yananukia. Kesho yake yamekuwa ya waridi, na kesho kutwa mekundu. Shada moja hubeba rangi tatu kwa wakati mmoja, na watoto wakishaijua siri hiyo watakuambia kila ua lina siku ngapi.

9. Wape wazawa nafasi ya heshima

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye kivuli ya eneo la Usambara. Likapelekwa Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo linakaa kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani. Watu huko hulifanyia maonyesho na mashindano, wakati mtu wa Muheza anaweza kumaliza maisha yake bila kuliona kwenye chungu. Lipe pembe ya baraza isiyopigwa na jua, mwamba au chungu chenye mboji nyepesi, na ulimwagilie kwa kuweka maji kwenye kisahani cha chini, kwa sababu matone hutia madoa majani yake yenye manyoya.

Haibiskasi ya petali zilizochanwachanwa nayo ni ya kwetu. Asili yake ni mwambao wa Kenya, Tanzania na Msumbiji. Ua lake jekundu huning'inia kwenye kikonyo kirefu, petali zimepinda juu, na nyuzi za katikati zimeteremka chini ndefu kuliko ua lenyewe. Kila ua huishi siku moja hivi, lakini kichaka hakichoki kuleta jingine. Imesambaa bustani za tropiki duniani kote, na kwetu inastahili kuwa kwenye kila lango.

10. Wa kukataa, hata wakipewa bure

Lantana usiipande. Rangi zake zinapendeza, lakini ndege huzila mbegu na kuzipeleka mashambani na misituni, ambako inakaba malisho na mimea ya asili. Wedelia, ile itambaayo yenye maua ya manjano, nayo hutoroka bustanini. Jakaranda iache Nairobi na Arusha, inakopata ubaridi wa nyanda za juu unaoifaa. Mawaridi ya dukani yenye mabua marefu hulimwa Naivasha, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ukiyapanda Tandika unyevu wa hewa utayavalisha madoa meusi. Chagua mwaridi wa kienyeji, ule mdogo wenye harufu, ambao bibi zetu waliukuza bila dawa.

11. Udongo, maji na chumvi

Mimea yote ya kudumu ipande mvua zinapoanza, Machi au mwishoni mwa Oktoba, ili mizizi iingie chini kabla ya ukame. Chimba shimo pana kuliko refu, changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, na ukiwa na ya kuku hakikisha imekaa muda mrefu, kwani mbichi huunguza. Tandaza nyasi kavu au makumbi juu ya udongo, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Isipokuwa bogenvilia na adeniamu, mwagilia mara mbili kwa wiki kwa wingi. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na jua hupika vilivyo juu. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Yakinge kwenye ndoo, ni mali.

Kama kisima chako kina chumvi au bahari iko karibu, tegemea bogenvilia, franjipani, portulaka, mkungu na oleanda, na kumbuka oleanda ni sumu tangu mzizi hadi ua. Penye matumbawe jaribu kidogo kidogo. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo yaliyoachwa wazi na kiwanda cha saruji. Kati ya aina 26 alizojaribu, zilisalimika tatu, mvinje ukiongoza, na kutokana na hizo tatu pakapatikana msitu. Vidung'ata wakivamia haibiskasi, wapulizie maji ya majani ya mwarobaini yenye sabuni kidogo, jioni, chini ya majani wanakojificha.

Kalenda ya zamu

Januari na Februari: bogenvilia, adeniamu, franjipani, vinka, portulaka.
Machi hadi Mei: mkalamu, kitunguu chekundu cha porini, kana, kaladia, iksora, asumini.
Juni hadi Septemba: zinia, kosmosi, marigodi, selosia, bogenvilia, mwamba ngoma.
Oktoba hadi Desemba: mkrismasi wa barabarani, alamanda, kombretamu, mkalamu tena vuli ikinyesha vizuri.
Mwaka mzima: krotoni, akalifa, haibiskasi, vinka.

Anayeona orodha hii ni ndefu ana njia rahisi, na ndiyo ninayompendekezea kila mtu mwenye kiwanja kipya. Usinunue bustani siku moja. Nenda kitaluni mara moja kila mwezi, mwaka mzima, na kila ukienda ununue mmea mmoja tu, unaochanua mwezi huo na uliojibu maswali yako manne. Uliyoinunua wakati wa ukame ibaki ndani ya viriba vyake kwenye kivuli chepesi hadi mvua zije, ndipo uipande. Ukimaliza miezi kumi na miwili, utakuwa na mimea kumi na miwili, pesa zako nyingi zitakuwa bado mfukoni, na hakutakuwa na mwezi usio na mwenyewe. Mwaka wa pili usinunue kitu. Kata vipandikizi, uwape majirani, na kila anayepokea mwambie mmea wake ni wa mwezi gani.